Mtani katika Nyumba ya Ukimya

Mimi niliajiriwa kunyamaza, kazi ambayo ukiwauliza wanaonifahamu watakuambia siiwezi hata kidogo. Nimekuwa nesi wa wagonjwa wa akili miaka thelathini na miwili na mdomo wangu haujawahi kwenda likizo. Lakini mkataba wa Nyumba ya Ukimya ulisema hivyo: mlezi hataleta habari ya nje, iwe njema au mbaya, mpaka mgonjwa atimize siku arobaini na mbili. Hakuna simu, hakuna mtandao, hakuna gazeti hata la kufungia maandazi. Nyumba yenyewe iko juu Magamba, ndani ya msitu, ukungu unaingia hadi jikoni, na tuliomo ni wawili tu, mlezi na mgonjwa mmoja. Kwa mgane kama mimi haikuwa taabu. Nyumbani kwangu Machame nako kulikuwa kimya, tena kule hakuna aliyekuwa ananilipa.

Mgonjwa wangu safari hii alikuwa Nakijwa Mrutu, mwalimu wa hesabu, Mpare wa Mbaga, umri miaka thelathini na minane. Sonona ilimshika akiwa na ishirini na tisa, haikumwachia. Vidonge alimaliza aina zote. Mara mbili alijaribu kujiua wakamwahi, mara ya pili ikiwa imebaki kidogo sana. Alipofika kwangu alikuwa anaongea kama mtu anayesoma risiti, na chakula alikuwa anakula kwa sababu kimewekwa mbele yake.

Asubuhi ya siku ya ishirini na nne nilimvika kofia kama kawaida. Kofia ile ni ya plastiki, ina nyaya, haimpendezi mtu yeyote. Inasoma kitu kimoja tu: katika seli tulizompandikiza, asilimia ngapi bado ziko hai.

Nieleze kidogo, maana watu wakisikia wanadhani ni uchawi. Sonona ikikaa miaka mingi inasinyaza sehemu moja ndogo ya ubongo, iko ndani kabisa usawa wa masikio, ile inayotunza kumbukumbu na kusaidia moyo utulie. Dawa inaweza kuisukuma sehemu hiyo ifanye kazi, lakini haiwezi kusukuma kisichokuwepo. Kwa hiyo tunachukua seli shina, seli changa ambazo bado hazijaamua ziwe nini, tunazilea maabara mpaka ziwe seli za ubongo, kisha tunazipanda pale palipopungua. Seli za mgonjwa mwenyewe tulijaribu, nazo zikasinyaa vilevile. Zinatakiwa za ndugu wa damu asiye na ugonjwa huo. Za Nakijwa zilitoka kwenye uboho wa mifupa ya mama yake mzazi.

Wiki sita za mwanzo ndizo za hatari. Seli zinanyoosha mikono kuwatafuta wenyeji, na kabla hazijashikana vizuri ni dhaifu mno. Mgonjwa akipata pigo kubwa la moyo, mwili unamwaga homoni inayoitwa kotisoli, na seli changa zinakufa nayo upesi. Hiyo ndiyo sababu ya ukimya. Namba ikishuka chini ya arobaini, matibabu yanafungwa, na sindano za kulishia seli zinapelekwa kwa anayefuata kwenye foleni.

Asubuhi ile ilisoma sitini na moja. Nikamwambia Wakili, hongera, ingawa najua Mpare hawezi kuridhika na sitini na moja bila kukata rufaa. Nilimwita Wakili tangu siku ya kwanza, kwa sababu sisi Wachaga na wao ni watani, na kila mtu anajua Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushtaki kesi ya kuku. Yeye akaniita Mangi, kama machifu wetu wa zamani. Akasema namba ya kweli ni hamsini na nane, hizo tatu ni cha juu, maana hajawahi kuona Mchaga akasoma kitu bila kuongeza cha juu.

Utani huo haukuanza siku ya kwanza, msije mkadhani. Siku kumi na nane nilitania peke yangu, ukuta ukinisikiliza. Siku ya kumi na tisa niliunguza ugali, nikamwomba asinifikishe mahakamani, akacheka. Kisha akashika mdomo kama mtu aliyesikia jino linatoka. Miaka tisa hakuwa amecheka. Niliingia stoo nikalia kidogo, na sioni aibu kusema.

*

Saa kumi na mbili jioni huwa naingia stoo hiyohiyo, nafunga mlango, nawasha simu ya upepo na kutoa namba. Upande wa pili, kituoni kwetu, yuko Dokta Semboja, msimamizi wa matibabu haya, mama mmoja mpole, mwenye hesabu kali. Jioni ile nikasema sitini na moja. Hakuandika. Ningesikia kalamu.

Akaniambia Mama Nakijwa amefariki alfajiri, moyo, amekutwa kitandani. Mazishi keshokutwa saa nane mchana, huko Mbaga. Familia imeshaambiwa kuwa Nakijwa hatakuja, na wameelewa, kwa sababu walikuwepo aliposaini. Akanikumbusha kifungu cha tatu: mgonjwa hataambiwa habari yoyote ya msiba, hata wa mzazi, mpaka siku ya arobaini na mbili. Akanikumbusha na lile ambalo hakuwa na haja ya kunikumbusha, kwamba seli zote zilizooteshwa zilitumika, na aliyetoa ndiye huyo aliyelala mochwari. Hakuna dozi ya pili.

Nikasema nimeelewa. Nikazima simu nikakaa juu ya gunia la mahindi.

Yule mama nilikuwa namfahamu. Alikuja kituoni kutoa uboho akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, kavaa kitenge kipya, na fomu ya ridhaa aliisoma yote, kurasa kumi na moja, miwani ikiwa puani na kidole kikifuata mstari. Kila mtu alikuwa anamsubiri. Alipofika kifungu cha nne akasema hajakielewa, kirudiwe. Kikarudiwa. Akasema sasa amekielewa na hakubaliani nacho, akachomoa kalamu yake mwenyewe akakirekebisha. Alikuwa amebeba ndoo ya makande. Alipomaliza kusaini akamuuliza Dokta Semboja, kwa dhati kabisa, hizo seli huwa zinakula nini, na makande akayaacha pale, kwamba seli zikiyakataa mtu atayala.

Siku iliyofuata, ya ishirini na tano, nilifanya kosa. Sikumwambia kitu, kosa langu halikuwa hilo. Nilimvika kofia, nikasoma sitini na mbili, nikamwambia vizuri sana, Mwalimu. Nikamuuliza kama amelala vizuri. Nikampikia uji wa ulezi, nikamwongezea sukari bila kuombwa. Mchana akaacha mlango wazi, ukungu ukaingia, nikaufunga mwenyewe bila neno. Nilimhurumia, basi, na huruma ikaniziba mdomo. Nilidhani nafanya wema.

Aliniangalia sana siku ile. Mimi nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

*

Siku ya ishirini na sita, saa moja asubuhi, tulikuwa mezani. Chai ilikuwa inafuka. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba, mwanangu. Hapo ndipo aliposhusha kikombe.

"Mangi, siku mbili hujaniita Wakili," alisema. "Nani kafa?"

Nilikuwa na jibu. Nililiandaa usiku kucha: kwamba nina mafua, kwamba meno yananisumbua, kwamba mtu mzima naye huchoka kuchekesha. Nikafungua mdomo, likagoma kutoka. Nikanyamaza, kazi yenyewe niliyoajiriwa kufanya, na kunyamaza kwangu kukamweleza kila kitu.

"Ni mama," alisema.

Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza mazishi lini. Nikamwambia leo, saa nane. Akaangalia saa ya ukutani, nikajua anapiga hesabu: kushuka hadi Mombo, barabara kuu hadi Same, kupanda Mbaga. Mwendo wa saa sita, kama pikapu ya kituo haitasumbua.

Nikamwambia yote, maana sasa kuficha kulikuwa hakuna faida. Nikamwambia kuhusu kotisoli, arobaini, dozi moja. Nikamwambia alisaini yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba hata mzazi akifa asiambiwe.

"Aliyesaini alikuwa hawezi kulia," alisema. Sauti yake haikupanda. "Baba nilimzika kwa macho makavu, Mangi. Nilisimama kaburini nikawa natazama viatu vya watu. Wakanong'ona juu yangu. Mama akanishika mkono, akawaambia mwacheni mwanangu. Yule ndiye aliyesaini. Hakuwa na la kupoteza."

"Na wewe unalo. Ndiyo maana nakuambia ukae. Zikifa hizi unarudi kule kule."

"Najua. Mimi ni mwalimu wa hesabu." Akasukuma kikombe pembeni. "Kule nakuogopa kuliko kufa, usidhani siogopi. Lakini nikikaa hapa nikinywa chai wakati mama anashushwa, hizo seli zitakuwa zimeniponya nini?"

Mbele yangu walikuwa wanawake wawili. Mmoja alisaini akiwa mgonjwa, akaniomba nimlinde. Mwingine alikuwa anapona, ananiomba nimwachie. Sheria ilimjua yule wa kwanza tu. Wa pili alikuwa na umri wa siku chache, na kama ningemtii ningeweza kumuua kabla ya jua kuzama.

Nitasema na langu, kwa kuwa lilichangia. Nilipomzika mke wangu, Anande, watani walikuja kutoka Upare, wanaume watatu, wakaanza vituko vyao vya kumwigiza marehemu pale kwenye jeneza, kama ilivyo desturi ya utani. Nikawafukuza. Nilitaka heshima. Nilisimama nimenyooka, nikazika kwa heshima kubwa, nikarudi ndani, na miaka sita sasa kuna kitu kimekaa hapa kifuani hakipandi wala hakishuki. Nyumba ikawa kimya. Nikatafuta kazi kwenye nyumba nyingine ya kimya.

"Vaa sweta," nikamwambia. "Mbaga kuna baridi."

Dokta Semboja alipokea simu ya upepo kwa mshangao, maana haikuwa saa yake. Sikumdanganya. Alinisihi kwanza, kisha akanikaripia, kisha akasema nikivuka geti na mgonjwa nijihesabu sina kazi, na ataleta mlezi mwingine akipatikana. Kesho jioni anataka namba. Ikiwa chini ya arobaini anafunga, kuna baba mmoja Handeni anasubiri tangu mwaka juzi. Nikasema sawa. Nikachukua sindano ya kesho kwenye friji, nikaiweka kwenye chupa ya barafu, tukaondoka.

*

Tukashuka na pikapu hadi barabara kuu. Alikaa ameegemea kioo, mikono mapajani, na mimi nilikuwa najisikia kama nimebeba yai kwenye barabara ya mawe. Kila alipovuta pumzi ndefu nilihesabu moyoni zimekufa ngapi. Pale Same nilimnunulia maji, akayashika tu hadi tunafika.

Tulikuta watu wameshatoka kanisani, wako kaburini kwenye shamba la nyuma, jeneza limewekwa kwenye kamba. Walipomwona Nakijwa wakageuka wote. Nilisikia shangazi mmoja akisema, huyu si tuliambiwa haji. Wakampisha njia. Alisimama karibu na shimo, mikono pembeni, akaangalia chini. Nami nikamfuata macho, nikaona anachokitazama. Alikuwa anatazama viatu vya watu.

Hofu niliyoipata pale sijawahi kuipata. Nikajua imerudi. Nikajua tumezipoteza njiani na hata kulia hatalia, kwa hiyo nimemnyang'anya vyote viwili.

Mchungaji akainua mkono, wanaume wakashika kamba. Nikasukuma watu nikapita mbele, nikasimama juu ya kifusi.

"Simamisheni mazishi," nilisema. "Marehemu hajasaini."

Mchungaji alinitazama. Mzee mmoja akauliza huyu ni nani, na mwingine, aliyenisikia lafudhi, akasema ni Mchaga, ni mtani huyo, mwacheni afanye kazi yake. Nikachomoa miwani mfukoni nikaiweka puani, chini kabisa, kama alivyoiweka yeye. Nikachukua kitabu cha ibada mkononi mwa mchungaji, nikaanza kufuata mstari kwa kidole, taratibu, huku watu wakisubiri. Nikageuza ukurasa. Nikalamba kidole nikageuza mwingine. Wakaanza kucheka chini kwa chini, maana walimjua mtu wao.

Nikasema kwa sauti yake, ile ya puani: "Hiki kifungu cha nne sijakielewa. Kirudiwe."

Wakaangua kicheko shamba zima. Shangazi alikaa chini. Nikasema hapa panasema mavumbini utarudi, haijasemwa saa ngapi, nani atanipokea, na kama kutakuwa na makande, sisaini. Mzee mmoja akajibu kwamba Mchaga ateremke kutoka kwenye kifusi kabla hajaanza kuuza viwanja. Wakacheka tena.

Nikamtazama Nakijwa. Alikuwa anacheka. Mabega yalikuwa yanaruka, mkono uko mdomoni, kisha kicheko kikageuka katikati, bila kusimama, kikawa kilio. Alilia kwa sauti. Alimwita mama yake kwa jina la utotoni ambalo sikulielewa, akapiga magoti kwenye udongo, na wanawake wote wakamfuata, shangazi yule wa maneno akiwa wa kwanza kumkumbatia. Wakateremsha jeneza. Mimi nilikuwa bado nimeshika kitabu cha ibada, na miwani ilikuwa imeloa, na nilikuwa namlilia Anande.

*

Alilala matangani na shangazi zake. Nilimchoma sindano asubuhi uani kwao, tukaondoka. Tulifika Magamba saa tisa mchana, nyumba baridi, vikombe vya chai viko mezani tulivyoviacha.

Nilimvika kofia. Mashine ilichukua muda wake. Thelathini na nane.

Nikakaza nyaya nikarudia. Thelathini na nane.

Ningeweza kumficha. Lakini nilikuwa nimemaliza kuficha, nikamwambia. Aliipokea namba akiwa amekaa, macho yamevimba, mikono mapajani. Akauliza kama zilizobaki zote ni za mama. Nikamwambia hakuna nyingine humo.

"Basi tuzilishe," alisema, akaenda jikoni kufungua makande aliyofungashiwa na shangazi.

Saa kumi na mbili niliingia stoo. Nilikaa juu ya gunia. Nikamfikiria yule baba wa Handeni, simjui hata jina, ambaye naye ana mtu anayemwona haongei mezani. Nikafikiria na jambo ambalo katika miaka yote ya ile kazi hatukulisema kwa sauti: hakuna anayejua kama seli zinaweza kupanda tena kutoka chini ya arobaini. Hatujui kwa sababu kila zilipofika hapo tuliacha kuzilisha. Siku ya arobaini na mbili atapimwa kwa mashine kubwa na kila kitu kitajulikana. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano.

Dokta Semboja aliuliza namba. Sauti yake ilikuwa imechoka, na nadhani alikuwa ameshashika kalamu.

"Arobaini," nikasema.

Akauliza arobaini kamili. Nikasema kamili. Nikasikia kalamu ikiandika. Akasema endelea na sindano. Kuhusu kazi yangu barua itakuja.

Nilipofungua mlango wa stoo Nakijwa alikuwa amesimama hapo, na sahani mbili za makande, na alikuwa amesikia. Hakuniangalia kwa ukali. Alinipa sahani yangu.

"Nyie Wachaga," alisema, "hata mkipewa uhai wa mtu mnaweka cha juu."

Nikamwambia akafungue kesi. Mimi nipo, siku kumi na tano siendi popote.